Injini ya Rally Iliyopika Majani ya Kimulot

Mwaka wa tisini na sita gari yangu ilipika chai ya nyumba sita.

Bila moto. Bila maji. Bila sufuria.

Na bila ruhusa ya wenye majani, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Najua kuna wale watasema natunga. Sawa. Tafuta mtu yeyote wa Kimulot ambaye wakati huo alikuwa na akili timamu, mtajie jina Kipchirchir, halafu umwangalie vile atashika mbavu.

Kipchirchir ndiye mimi.

Kwetu jina hilo anapewa mtoto aliyezaliwa haraka. Mama anasema nilitoka kabla mkunga hajamaliza kunawa mikono. Tangu siku hiyo sijajua kungoja kitu.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilikuwa na cheti cha Form Four ambacho mwalimu mkuu alinipa akiangalia dirishani, na pick-up, Datsun 1200, aliyoniachia marehemu baba.

Hiyo Datsun ilikuwa na aibu zake. Ikipanda mlima wa kwetu, kuku walikuwa wanaipita. Tena kuku wenye vifaranga.

Lakini ilikuwa inapanda.

Halafu rally ikapita barabara ya Kericho.

Nilisimama kando, vumbi likanijaa mpaka kwenye meno. Ile sauti, maze! Kama mtu anapasua mabati kwa hasira. Iliingia kifuani ikakataa kutoka. Nilirudi nyumbani nikiwa mgonjwa, na dawa yangu ilikuwa moja tu.

"Mama, nataka kuweka injini."

Mama alikuwa anakamua. Hakugeuka. "Kwani hiyo iko ndani ni nini? Ni jembe?"

"Nataka injini ya kujengwa. Kuna fundi Kericho anaitwa Obiero, zamani alikuwa anatengeneza magari ya rally. Anachukua injini nyingine, anaifungua yote, anaijenga upya kwa mkono."

"Na bei?"

Nikataja bei.

Maziwa yaliacha kulia kwenye ndoo.

"Hiyo ni bonasi yote ya chai na mtamba wangu," akasema. "Na huyo mtamba ana mimba ya miezi saba. Ukimuuza umeuza ng'ombe wawili. Hiyo injini itazaa?"

"Itazaa kazi, Mama."

Na sikuwa namdanganya. Trekta iliyokuwa ikibeba majani ya mlima wetu ilikuwa imekufa. Nyumba kumi na moja zilikuwa zinatafuta gari ya kupeleka majani kituoni msimu mzima, kila siku ya kuchuna. Ukipata hiyo kazi, umeoga umetakata. Mimi nilijiambia, mwenye gari ya nguvu ndiye ataipata.

Mama alifikiria siku mbili. Siku ya tatu akamfungua mtamba kamba.

"Weeri," akaniambia, na mama wa Kikipsigis akikuita hivyo jua bado wewe ni mtoto, "ukinirudia bila hiyo kazi, ni wewe nitakuwa nakukamua."

Basi nikaenda Kericho.

Obiero alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, anayeongea na injini zaidi kuliko anavyoongea na watu. Alizunguka Datsun yangu mara mbili, akaipigapiga bodi.

"Gari itafanya kazi gani?"

Swali rahisi hivyo. Hata mtoto wa nursery angelijibu.

Lakini pale garage kulikuwa na vijana wawili wa mjini, miwani myeusi, magari yao yamebandikwa stika mpaka kwenye taa. Walikuwa wananiangalia. Mimi na gumboot zangu.

Niseme majani mbele ya hao?

"Rally," nikasema.

Obiero akaangalia gumboot. "Rally gani?"

"Hizi za huku. Na Nakuru."

"Utabeba nini?"

"Jaketi yangu."

"Na nini tena?"

"Wa kunisomea ramani. Lakini ni mwembamba."

Kijana mmoja wa miwani akakohoa. Obiero hakucheka. Alikuwa mtu wa kuamini mteja.

"Sawa, omera, ndugu yangu," akasema. "Nitakujengea injini ya mtu wa jaketi."

Nilirudi baada ya wiki tatu. Wacha niwaambie, jamani, hiyo injini ilikuwa safi kuliko kitanda changu. Kabureta mbili. Hedi ya injini imechongwa ikashuka, ili ibane zaidi. Ekzosi nene kama bomba la maji ya mvua, imepita chini ya karai ya nyuma, pale pa kupakia mizigo, mpaka mwisho wa gari.

Obiero akanipa masharti.

"Sikiza vizuri. Huu mshale wa mizunguko ukiwa chini ya elfu nne, injini imelala, haina nguvu. Ukipita elfu nne, shika Mungu. Usiende nayo polepole mlimani, itapata joto. Na hiyo ekzosi itawaka kama jiko, kwa hivyo usiweke kitu juu yake."

Katika maneno yote hayo, mimi nilisikia "shika Mungu" peke yake.

Nilifika Kimulot mchana. Nilisikika kabla sijaonekana. Mbwa walikimbilia msituni, na kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi kanisani ilinyamaza katikati ya Haleluya. Nikasimamisha gari mbele ya Mzee Noah, mwenyekiti wa kamati ya wakulima, nikaiacha ikinguruma ili afurahie.

Mzee Noah akainamisha kichwa akasikiza.

"Hii kari ni mgonjwa?"

"Si ugonjwa, mzee. Ni nguvu."

"Mjomba wangu alikuwa analia hivyo kifuani," akasema. "Tulimzika Jumamosi."

"Mzee, hii inaenda mia moja sitini!"

"Kwenda wapi?"

"Popote!"

"Popote ni mbali," akasema Mzee Noah. "Kituo cha majani kiko kilomita sita. Na hizo sita, nne ni matope."

Nikamwona mshamba. Mungu anisamehe.

Kumbe hata hiyo kazi ilikuwa na mtu mwingine anaitaka. Bot Chelangat, yaani mama yake Chelangat, mjane wa ng'ambo ya mto. Yeye pia alikuwa na Datsun 1200 pick-up, aliyoachiwa na marehemu mzee wake. Miaka miwili hiyo gari ililala kwenye shamba la mahindi, na kuku alikuwa anaatamia ndani yake. Ghafla imefufuka. Imefufuka vipi, sikujisumbua kuuliza. Wewe ukiwa na kabureta mbili utauliza habari za gari ya kuku?

Kamati ikaamua tupimwe Jumanne. Mimi nibebe majani ya nyumba sita, Bot Chelangat abebe ya nyumba tano.

"Yule ambaye majani yake yatakubaliwa na karani," Mzee Noah akatangaza, "ndiye atatubebea."

Mimi nikasikia: yule atakayefika kwanza.

Jumanne ikafika na manyunyu.

Bot Chelangat alikuwa anapakia vikapu kimoja kimoja, majani yamelegea, kila kikapu kimepewa nafasi kama mgeni kanisani. Juu akafunika na neti tu. Nusu saa nzima.

Mimi nusu saa naitoa wapi? Na kwa mwendo wangu, majani yaliyolegea yangepeperuka yote hadi Bomet. Kwa hivyo nikayashindilia kwenye magunia, nikapanda juu na gumboot nikayakanyaga, halafu nikafunga turubai ikakaza kama ngoma.

Kulikuwa na mama mmoja kijana anaitwa Fancy. Alikuwa amechuna tangu alfajiri, mtoto mgongoni, vidole vimekuwa vyeusi na utomvu. Akaniangalia nikikanyaga.

"Kipchirchir, majani hayakanyagwi. Yanataka kupumua."

"Yatapumua yakifika, dada."

"Na hilo turubai?"

"Hilo ni kwa sababu ya upepo. Hujawahi kuona upepo ambao nitaleta leo."

Nikawasha. Vikombe vilitetemeka kwenye kibanda cha chai. Nikaondoka.

Kilomita mbili za kwanza, wadau, nilikuwa naishi. Bot Chelangat alikuwa ametangulia nikiwa bado nafunga turubai, nikampita pale kwenye shule ya msingi nikimpigia honi kama bwana harusi. Nikamwona kwenye kioo akipotea.

Halafu tukashuka mtoni. Baada ya mto ni ule mlima wa udongo mwekundu, na manyunyu yalikuwa yameupaka sabuni.

Nikaweka gia ya kwanza, nikaenda polepole. Injini ikalala. Ikakohoa, ikazima.

Nikawasha tena, nikakanyaga. Mshale ukapita elfu nne. Matairi yakazunguka mahali pamoja kama yanatwanga, matope yakaruka mpaka kwenye miti kando ya njia. Gari haikusonga hata hatua ya kuku.

Polepole, inalala. Kwa nguvu, inateleza. Katikati hakuna. Obiero hakuweka katikati, kwa sababu mtu wa jaketi haendi katikati.

Nikahangaika hapo dakika arobaini. Injini inapiga kelele, mshale wa joto unapanda, na chini ya karai ekzosi imekuwa nyekundu kama pilipili.

Katikati ya hiyo taabu nikasikia harufu nzuri.

Harufu ya chai. Ile chai ya kweli, yenye rangi. Nikafikiri kuna nyumba karibu wamewasha moto. Hata nikawaonea wivu.

Kidogo nikasikia sauti nyuma. Duk-duk-duk-duk. Bot Chelangat, gia ya kwanza, tairi moja kwenye nyasi, anapanda polepole kama mtu anayeenda kulipa faini. Alipofika karibu yangu akatoa kichwa nje, akanusa.

"Kipchirchir, unapika?"

"Napumzisha gari!"

"Haya, kijana yangu. Usisahau sukari."

Duk-duk-duk. Akaenda.

Sikuelewa. Na hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Mimi mtoto wa chai, niliyechuna kabla ya kujua kusoma, sikuelewa!

Vijana wanne waliokuwa wakitoka kupasua kuni ndio walinisukuma. Tairi zikashika murram ngumu, mshale ukapita elfu nne, na nikashika Mungu. Nilimpita Bot Chelangat mita mia mbili kabla ya kituo. Nikaingia uwanjani kwa breki, matope yakamwagika mpaka kwenye mzani.

Wa kwanza! Nikashuka nikiwa na kifua mbele.

Karani wa kupokea majani alikuwa anaitwa Nyang'au, Mkisii mmoja mwenye koti jeupe na mdomo mkali. Watu walikuwa wamejaa.

"Fungua," akasema.

Nikafungua turubai.

Mvuke ukatoka. Ninaposema mvuke, simaanishi kidogo. Ulipanda kama wa sufuria ya harusi. Chini yake, majani yaliyokuwa ya kijani asubuhi yalikuwa ya kahawia, yamekunjamana, yamelowa.

Watu wakasogea kuona.

Nyang'au akachukua kiganja kimoja, akanusa, akanitazama.

"Hii ni nini?"

"Majani."

"Majani yalikuwa ulikotoka. Factory iko kule mbele, ina bomba na ina meneja. Wewe nani alikutuma ufungue yako kwa pick-up?"

"Karani, ni joto kidogo tu..."

"Joto kidogo? Ungechelewa dakika kumi tena ningetafuta kikombe."

"Maziwa yako wapi?" mtu akapiga kelele huko nyuma. "Kipchirchir ameleta ya rangi!"

Uwanja ukaanguka. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mzee mmoja alikaa chini kabisa, kwenye tope, akipiga ardhi na fimbo.

Magunia yote yakakataliwa. Nyumba sita, hata kilo moja haikupimwa. Bot Chelangat akaingia, duk-duk, akafungua neti yake, majani yanang'aa kama yamechunwa sasa hivi. Yakapimwa yote.

Fancy alikuwa amefika kwa miguu, amepita njia ya mkato. Yeye hakucheka. Alimwaga majani yake kwenye shimo la taka, akalikung'uta gunia, akalikunja mara mbili, akaliweka chini ya kwapa. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Mzee Noah akanijia.

"Bot Chelangat atabeba mpaka Jumamosi," akasema. "Akibeba bila kukosa, kamati inaandika jina lake. Akikosa hata siku moja, tutakaa tena tufikirie."

Jumatano nikateremka Kericho kumfokea Obiero. Nilianza kelele nikiwa bado barabarani.

Obiero aliinama chini ya gari na tochi, akabandua kitu kwenye ekzosi, akanionyesha. Lilikuwa jani la chai, limekaushwa likawa jeusi.

"Kumbe wewe ni mtu wa majani," akasema.

Nikaangalia gumboot zangu.

"Nilikuuliza utabeba nini. Si nilikuuliza? Ungesema majani, ningekujengea injini ya majani. Kabureta moja, nguvu iko chini, ekzosi imepita kando. Tena nusu ya bei hii." Akapangusa mikono. "Hiyo kazi nimekufanyia haina makosa, omera. Makosa yake ni kwamba ni kazi ya mtu ambaye hayuko."

Niliendesha kurudi nyumbani polepole. Ikazima mara saba.

Mama alinipa ndoo na kiti cha kukamulia, akaniacha nielewe mwenyewe.

Alhamisi saa moja asubuhi, ukungu ukiwa bado umeshika msitu, nikasikia hodi. Bot Chelangat. Kwa miguu. Miguu imelowa mpaka magotini.

"Chamgei," akamsalimia Mama, halafu akanigeukia. "Kipchirchir, gari imekataa kuwaka. Majani ni leo saa tano."

Mpaka Jumamosi bila kukosa! Akikosa leo, kamati inakaa tena.

"Pole," nikasema, na sura yangu ikajaribu kuhuzunika. "Lakini mimi nitajuaje mambo ya gari yako?"

"Gari ni yangu. Injini ni yako."

"Injini gani?"

"Ile ulimwachia Obiero alipokuwekea hii ya kupiga kelele. Aliniuzia bei ya mbuzi wawili."

Ndugu zangu, nilikaa chini.

Ni kweli niliiacha. Niliivua kama mtu anavyovua soksi iliyooza, hata sikugeuka nyuma kuuliza itaenda wapi. Na siku ya Jumanne, pale mlimani, kitu kilichonipita duk-duk-duk kilikuwa injini ya baba yangu mwenyewe.

Mama akaanza kucheka. Alicheka akishikilia nguzo ya mlango. Halafu akaacha ghafla, akanitazama, kwa sababu na yeye alikuwa amepiga ile hesabu niliyopiga mimi.

Maana nilijua dawa. Hiyo injini ilikuwa na ugonjwa wa baridi ambao haukuandikwa kwenye kitabu chochote. Watu wawili tu walikuwa wanaujua, na mmoja tulikuwa tumemzika.

Ningesema tu, "Sijui, Mama Chelangat." Maneno matatu. Kufika saa tano kazi inarudi, na mtamba wa Mama anakuwa hakuuzwa bure.

Bot Chelangat alikuwa ananingoja. Hakuomba. Aliangalia tu gari yangu pale uani, ekzosi yake nene, na nilijua anafikiria kitu gani. Kwamba akikosa yeye, majani ya leo yatapanda juu ya hilo jiko tena. Na Fancy atasimama tena na gunia tupu chini ya kwapa.

"Una kijiti?" nikamuuliza.

"Kijiti cha nini?"

"Twende."

Tulivuka mto kwa miguu. Nikafungua boneti, nikatoa kifuniko cha hewa, nikaziba mdomo wa kabureta na kiganja. "Piga. Piga tena." Halafu nikaigonga pampu ya mafuta na kijiti, mara moja, kwenye bega la kushoto, vile baba alinifundisha.

Ikakohoa. Ikatema moshi. Duk-duk-duk-duk.

Bot Chelangat akashuka kwenye usukani, akazunguka, akakaa upande wa abiria, akaweka kikapu chake magotini.

"Endesha," akasema.

"Mimi?"

"Hizi asubuhi ziko nyingi msimu huu, na mimi siwezi kuvuka mto kila siku kukutafuta. Mshahara tutaongea. Na ukikanyaga gunia hata moja, nakutupa nje kwa dirisha gari ikiwa inatembea."

"Ikiwa inatembea hivi, nitaumia?"

"Hutaumia. Lakini watu watakuona."

Hivyo ndivyo nilivyoipata ile kazi. Kama dereva wa gari ya kuku. Jumamosi kamati ikaandika jina la Bot Chelangat, na mimi nikaendesha msimu huo na mingine miwili baadaye. Majani hayakurudishwa hata siku moja.

Ile injini ya bei? Niliiuza kwa kijana wa Nakuru, mtu wa rally wa kweli, ambaye kweli hubeba jaketi. Aliniandikia barua kwamba imemfikisha nambari mbili, na kwamba hajawahi kuona kazi safi namna hiyo. Pesa zake zilinunua ndama mmoja, mwembamba, mwenye kiburi. Mama alimpokea bila kusema asante.

Sasa watu huniuliza, hasa hawa vijana wa siku hizi wenye homa kama yangu: injini ya kujengwa inafaa hiyo pesa?

Inafaa. Tena kila shilingi. Fundi mzuri atakupa kile ulichomwambia, hazidishi, hapunguzi.

Kwa hivyo siku akikuuliza kazi yako ni gani, na kuna watu wenye miwani myeusi wanakuangalia, vuta pumzi, simama wima ndani ya gumboot zako, useme kwa sauti: majani.

Aibu yake ni ya dakika moja. Yangu ilinigharimu ng'ombe wawili, na bado sijamaliza kuchekwa.